Boliti Kumi

Jipu fupi ya kijani iliingia yadi ya vyuma pale Rhonda ikiwa na matope hadi kwenye vioo, na Jamleck, kabla hajamwangalia dereva, aliangalia uvunguni. Watu wenye adabu huanza na salamu. Jamleck huanza na ekseli.

Alihesabu boliti za kifuniko cha difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Kumi. Akahesabu tena. Jipu kama hiyo huwa na nane, ekseli nyembamba za kupeleka familia kanisani. Boliti kumi ni ekseli za gari la kazi, zile ambazo vijana wa kupanda milima kwa magari wanazitafuta Nakuru nzima kama wachumba. Na pembeni kulikuwa na waya wa kufungia difu, ili magurudumu yasukume pamoja kwenye tope.

"Sasa, boss," dereva alisema akishuka. Alikuwa msichana mpole aliyevaa gambuti, na nyuma ya gari mlikuwa na madebe ya maziwa. "Naitwa Chemutai, natoka huko juu Mau Narok. Natafuta ekseli ngumu. Hizi zilinunuliwa na kaka yangu, na kilima chetu hazipandi. Maziwa yanaharibikia njiani."

Jamleck akalala chini ya gari, akagonga hapa na pale kwa spana, akaguna kama daktari mwenye habari mbaya.

"Pole, dadangu. Hizi ni maandazi. Siku moja gurudumu litakupita mteremkoni na mtapungiana mkono."

"Ndiyo maana nimekuja."

Nyuma ya yadi, chini ya turubai, Jamleck alikuwa na jozi ya ekseli za kweli, zilizotoka kwenye gari la wagonjwa lililostaafu. Alikuwa amezitunza miaka miwili. Ndizo zingemfungulia yadi yake mwenyewe, aache kuzurura kwenye yadi za wengine akiitwa broka. Lakini hazikuwa na waya wa kufungia. Za msichana huyu zilikuwa na thamani mara tatu, na mwenyewe hajui.

"Nitakusaidia," alisema kwa sauti ya mhubiri. "Hata mimi nina mama anayekunywa chai ya maziwa. Nakupa zangu, hulipi kitu. Na vyuma vya zamani vinabaki hapa. Unajua ni desturi ya mafundi."

"Najua. Na fundi analipwa na nani?"

"Mimi."

"Na chakula cha mchana?"

Jamleck akapapasa mfuko wake. "Mimi pia."

Fundi Muiruri, mwenye yadi, alimvuta kando. "Jamleck, si tufungue kifuniko kwanza tuone meno ya difu?"

"Nishamwambia ni takataka. Ukichungulia takataka sana, mwenyewe ataanza kuipenda."

Ekseli za gari la wagonjwa zilipokwisha kufungwa, jipu ikiwa bado juu ya jeki, Chemutai alitoa chaki mfukoni. Akaweka alama kwenye gurudumu, akalizungusha huku akihesabu mizunguko ya shafti, mbele, kisha nyuma.

"Ya mbele na ya nyuma zinalingana," alisema. "Zingetofautiana, zingepigana njiani."

"Nani alikufundisha?"

"Zile za zamani." Akasita, akaangalia gambuti zake. "Boss, nikuambie ukweli. Hizo kaka yangu aliuziwa na mtu mjanja sana. Bado unaweza kukataa."

"Wajanja wa mkoa huu nawajua wote," Jamleck alisema, akimfungulia geti.

Chemutai akamwachia kidumu cha maziwa, akaenda zake.

Vumbi la jipu lilikuwa halijatulia Jamleck alipovuta ule waya. Ukaja wote. Mwisho wake ulikuwa umefungwa kwenye mkono mtupu wa debe la zamani, si kwenye difu. Akafungua boliti kumi, na kifuniko kikatoka na pete iliyochomelewa ili boliti nane zionekane kumi. Ndani mlikuwa na difu ndogo isiyo na meno ya maana, imezikwa katika grisi na vumbi la mbao ili isipige kelele. Katikati, kitambaa cha shati la njano la drafti.

Muiruri aliinama. "Si hili shati lako? Lile ulikuwa unavaa ukifanya kazi Karagita?"

Jamleck akakitambua kile kitambaa. Mwaka jana, akiwa Karagita, alimuuzia mtu ekseli kwa simu, akazituma na lori. Ni hizi hizi; alizipamba kwa ustadi hata leo yeye mwenyewe amezipenda.

Simu yake ikalia. Ujumbe ulitoka kwa namba aliyoihifadhi kwa jina "Usishike, Karagita".

"Boss, dadangu ametoka huko na anasema una roho safi. Maziwa uyachemshe. Kiprotich."

Muiruri alikuwa amekaa juu ya tairi, anafuta machozi ya kicheko. Jamleck akafungua kidumu, akanusa, akaonja kwa tahadhari ya mtu aliyejua biashara.

Hayakuwa na hata tone la maji. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.