Nusu ya Bega Langu Iliyopigwa Marufuku

Kebirigo,
5 Machi 1953

Kwa Mzee Onchiri,
Mwenyekiti wa Kamati ya Kanisa.

Mzee wangu mheshimiwa,

Salamu katika jina la Bwana. Ni mimi Thadeus Odero, dresa, mfunga vidonda wa zahanati, na kiongozi wa kwaya yenu, yule mtu wa kutoka ziwani. Nimepokea kwa unyenyekevu azimio kwamba nikiongoza nyimbo nisiinue mkono kupita bega, kwa kuwa mabega yangu "yanacheza ngoma ya kwao". Sibishani na Kamati. Nina malalamiko tu.

1. Bega langu halichezi, linafanya kazi. Mkono ukianza kuinuka kutoka ubavuni, huamshwa na msuli mdogo ulio juu ya mfupa mpana wa mgongoni. Kisha ule mnene unaofunika bega huupokea. Ili mkono upande juu zaidi, mfupa wenyewe wa mgongoni lazima ugeuke, ukivutwa na misuli ya shingoni na mbavuni. Nimechua mabega mengi ya Wakisii pale zahanatini, na yote hugeuka vivyo hivyo.

2. Sauti ya kwanza hufuata mkono. Jana mazoezini nilikomea begani kama mlivyoamuru, na haleluya ya mwisho ikafika katikati ya mlima ikaketi. Esnah, mwimbaji wetu wa sauti hiyo, alikohoa hadi tukafunga kwa sala.

3. Azimio lenyewe lilipitishwa kwa kuinua mikono. Nilichungulia dirishani, mniwie radhi. Mkono wa Mzee Obwocha ulipita sikio! Basi wote mliopiga kura mna kosa langu, na kura zenu zimeharibika.

4. Mkishikilia amri, iwe ya wote. Mchungaji atubariki kiwiko kikiwa kiunoni. Kina mama wanaojitwika vikapu vya ndizi watengwe na ushirika. Nawe Mzee, uvuliwe koti na wazee wawili, maana kupeleka mkono nyuma kunahitaji misuli ambayo Kamati haijaijadili.

Mzee, kwaya hii ndiyo inayofanya watu wa hapa waniite ndugu. Mkininyang'anya, nitabaki mgeni mwenye dawa chungu. Hilo linaniuma sana.

Naomba nirudishiwe bega zima kabla ya mkutano wa Pasaka kule Manga. Nisalimie Mama Tryphosa, Mchungaji, wazee wote, na Mzee Obwocha pamoja na bega lake.

Mimi wako mtiifu, mkono ukiwa chini,
Thadeus Odero

Baada ya sahihi: Barua hii imelala mfukoni hadi leo Jumatatu. Jana kanisani, kwa hasira, nilifunga mikono yote miwili mgongoni. Waimbaji wakanitazama, wakakata tamaa nami, wakaanza kusikilizana wao kwa wao. Mzee, sijapata kusikia wimbo ule wa haleluya ukiimbwa vile. Mke wangu Magdaline alilia, nami nikalia. Miaka yote hii nilikuwa nikipunga mno hata sikuusikia. Amri ibaki. Naomba tu mnipokee kwenye sauti ya besi, hata kama ni kusimama nyuma kabisa.