Dodo Si Neno la Kuandikwa

Jumapili, 1 Oktoba

Mkuu wa kijiji, Bi Mukandoli, alitangaza baada ya misa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, tukimaliza umuganda, kazi yetu ya pamoja, atakagua bustani za jikoni nyumba kwa nyumba. Itakayoshinda itakuwa darasa: watoto thelathini wa shule ya awali watajifunzia hapo kila Jumatatu.

Darasa! Miaka sita tangu nistaafu, hakuna mtoto aliyeninyoshea mkono aulize swali. Lazima nishinde. Mpinzani ni mmoja, jirani yangu Rukeba, fundi baiskeli, ambaye hajawahi kumaliza sentensi bila kosa.

Mke wangu Verediyana alisema uwanja wa nyuma ya jiko ni wa kuku wake. Nilimjibu kwamba sasa ni wa elimu. Akasema kuku hawajaarifiwa.

Jumanne, 3 Oktoba

Kazi imeanza. Wasaidizi: wajukuu zangu, Gasaro wa miaka tisa na Mugwiza wa miaka sita. Tumezungusha mawe, tukalaza vigogo vya migomba, tukajaza udongo, samadi na majivu ya jikoni. Maji ni yale ya kuoshea vyombo. Hatukununua chochote ila mbegu za mchicha.

Muuza mbegu aliniuliza kama nataka dodo, jina la sokoni la mchicha wa kupandwa. Nilimweleza kwamba dodo si neno. Mchicha una jina la mababu: imbwija. Alicheka. "Mwalimu, imbwija inajiotea yenyewe barabarani, uje kuinunua kwangu?"

Hajasoma. Nyumbani niliagiza: atakayetamka dodo ataandika imbwija mara hamsini. Gasaro ameandika mara mia. Aliuliza, "Hata dodo ya Babu Rukeba si dodo?"

Alhamisi, 12 Oktoba

Imeota! Mistari imenyooka kama ya daftari. Rukeba alichungulia juu ya uzio, akakiri kwamba imenyooka, ila hajapata kuona mtu akila mstari. Wivu. Yeye amepanda kwenye matairi makuukuu na sufuria zilizotoboka. Wajukuu zake humwagilia huku wakiimba dodo, dodo. Kelele tupu.

Jumamosi, 21 Oktoba

Msiba.

Nilikwenda kwenye posa ya mpwa wangu. Niliwaachia watoto agizo moja: palilieni. Niliporudi, udongo mtupu! Wale wawili wamesimama kando, vifua mbele. Gasaro alieleza: "Babu, mama anasema imbwija ikiota kwenye maharage yake ni magugu, ing'olewe. Basi na sisi tumeng'oa imbwija yote. Hatukuacha hata moja!"

Kuku walikuwa wakimalizia majani. Verediyana alisema sasa wameshaarifiwa.

Kosa ni la watoto. Hawakuzingatia muktadha.

Ijumaa, 27 Oktoba

Nimepata mbinu. Asubuhi na mapema nimetoka sokoni na mafungu ishirini ya mchicha, mizizi yake ikiwa kamili. Nimeyachimbia yote. Bustani inapendeza kuliko ya kwanza! Niliwaambia watoto kwamba huu ni upandikizaji. Mugwiza aliuliza kama upandikizaji ni uongo. Nilimjibu kwamba ni nomino.

Jumamosi, 28 Oktoba

Tulizibua mifereji hadi saa tano. Jua kali. Tulipofika kwangu, mboga zilikuwa zimelala kama wagonjwa. Bi Mukandoli aliinama, akavuta mche mmoja. Ikatoka minane, imefungwa pamoja kwa ukambaa wa mgomba. Akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, na hii kamba nayo imeota?"

Rukeba alicheka hata akaushikilia uzio. Mugwiza aliutangazia umati kwamba ni nomino.

Rukeba ameshinda. Nilijifungia ndani.

Alasiri alibisha hodi, kapu la mboga mkononi. Alisema watoto thelathini wanamtia hofu kuliko baiskeli thelathini. Atawaambia nini? "Niandikie vibao vya majina, Mwalimu. Na Jumatatu usimame nami. Mimi nitashika jembe, wewe shika maneno."

Nilikubali kwa shingo upande. Hata hivyo, kabla hajafika langoni nilikuwa nimekwisha kuishusha chaki kutoka darini.

Tulikula mboga zake. Tamu. Sikusema.

Jumapili, 29 Oktoba

Nimeandika vibao tisa kwa mwandiko safi. Karoti. Vitunguu. Kabichi. Kwenye kila tairi la ile anayoiita dodo, nimesimika kibao chenye herufi kubwa: IMBWIJA. Rukeba alikuna kichwa, kisha akasema mwalimu ni mimi.

Naam, ni mimi. Kesho watoto thelathini, mikono juu! Somo la kwanza nimelichagua mwenyewe.

Kupalilia.