Malalamiko Juu ya Mkono wa Kulia wa Lydiah

Kianjai,
Jumamosi, 9 Agosti 1986.

Kwa Mzee Njura, Siakago.

Baba mkwe ninayekuheshimu hata nikikasirika,

MINTARAFU: MKONO WA KULIA WA BINTI YAKO

Natumaini mbuzi ni wazima na kifua cha Mama kimepona. Huku sote tu wazima, isipokuwa mimi.

Nimefundisha hesabu miaka kumi na mmoja na sijawahi kumlalamikia mkwe. Lakini sasa mambo yamenifika shingoni. Unaujua mchezo wa jiwe, karatasi, makasi: ngumi ni jiwe, kiganja ni karatasi, vidole viwili ni makasi. Jiwe huvunja makasi, makasi hukata karatasi, karatasi hufunika jiwe. Unaujua sana, maana Lydiah amekiri kwamba ni wewe uliyemfundisha malishoni, mkiamua nani atawafuata mbuzi waliopotea. Amekiri pia kwamba tangu afike miaka tisa, aliyewafuata daima ni wewe. Kwa hivyo malalamiko nayaleta kiwandani.

1. Kwamba nilifichwa. Siku tuliyoleta mbuzi wa posa, wazee wenu walimsifu Lydiah tangu asubuhi hadi chai ya jioni: hachoki, hasengenyi, ugali wake hauna madonge. Hakuna hata mmoja aliyetaja mkono. Mtu akikuuzia ng'ombe mwenye teke, si hukuambia? Naomba radhi kwa mfano huo.

2. Kwamba nilianza mwenyewe. Tulibishana nani akamue ng'ombe alfajiri, kukiwa na ule ukungu wetu wa Julai, nami nikapendekeza tuamue kwa mkono, nikidhani ni njia ya upole ya kumshinda. Nimemkamua ng'ombe huyo miaka miwili. Kisha tukachezea firigisi ya kuku, ambayo ni fungu la mume. Jumapili moja, mbele ya mwalimu mkuu na mkewe, binti yako aliitafuna firigisi ya mwenye nyumba polepole, huku akinitazama kwa huruma.

3. Kwamba elimu haikunisaidia. Nilianzisha daftari, nikaandika kila mkono aliotoa: mikono mia tatu na kumi na miwili. Nikapata kanuni. Akishinda kwa kitu, hukirudia. Akitoa karatasi mara mbili, ya tatu huwa jiwe. Haki ya Mungu, nilifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo! Daftari nikalificha chini ya godoro, nikasahau ni nani huanika godoro. Wiki iliyofuata kanuni yote iligeuka, na ukurasa wa sita nikakuta jumla yangu imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mikono ilikuwa mia tatu na kumi na mmoja. Nimehesabu tena, ni kweli.

4. Kwamba nasomeka. Anasema kabla ya jiwe mimi huuma meno, kabla ya makasi hulamba midomo, na kabla ya karatasi hulitaja neno lenyewe chini kwa chini kwa Kimeru. Nilidhani Kimeru ni siri kwa Mmbeere, kumbe lugha zetu ni mtu na dada yake. Nilijaribu kucheza nimefumba macho. Nilishindwa, na chai nikaimwaga.

5. Hapa sasa ndipo penyewe. Kwetu, kama kwenu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba wa mume. Jina la Marete lilikuwa langu bure, mzee wangu. Hakuna aliyelipinga. Lakini siku ya tatu tangu mtoto azaliwe, kiburi kikanipanda, nikamwambia Lydiah mbele ya dada yangu Kanana kwamba kama anajiamini, tuchezee hata jina: nikishinda ni Marete, akishinda ni Njura. Mara tatu, tumalize. Nikawaza: atatoa jiwe, basi nitoe karatasi. Lakini anajua ninajua, kwa hivyo atatoa makasi, basi nitoe jiwe. Lakini anajua pia kwamba nikibanwa hutoa jiwe. Niliwaza mpaka uji ukapoa, nikatoa jiwe. Mara zote tatu. Yeye alikuwa ananyonyesha, alitumia mkono mmoja, na sina hakika kama alinitazama. Kanana alicheka mpaka akakaa chini.

Shida ni baba yangu. Baridi yabisi imemkunja vidole hata hawezi kufunga vifungo vya koti lake, lakini tangu mtoto azaliwe analivaa kila siku kwenda sokoni, kuwaambia watu kwamba Marete amekuja tena. Kesho baada ya kanisa anakuja kumpakata. Sijui nitamwambia nini. Naona aibu.

Naomba basi, kwa unyenyekevu, ulikatae jina hilo kwa maandishi. Ukishindwa, uje Kianjai tucheze mimi nawe. Na hilo nalo likishindikana, mwite Lydiah nyumbani siku mbili umfundishe kushindwa. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Sasa naona methali hiyo ilitungwa na mtu aliyezoea kushinda.

Msalimie Mama kwa heshima zote, na shemeji yangu Munyi, na mbuzi, hasa wale waliokuwa wakipotea.

Ni mimi mkweo, ngumi mfukoni,
Mwl. Naftaly Marete

TANBIHI (Jumapili jioni): Baba alikuja. Nilimweleza yote huku nikitazama viatu vyangu. Akasema hawezi kupokonywa jina na mchezo ambao hakuucheza. Akavuta kiti karibu na Lydiah, akainua ngumi. Walicheza mara tatu. Kwa vidole vile, mkono wa baba una jiwe tu, na Lydiah ndiye humfunga vifungo vya koti kila Jumapili. Binti yako alitoa makasi, akatoa makasi, akatoa makasi.

Kwa hivyo mtoto ni Marete, na Mungu akitupa mwingine wa kiume atakuwa Njura bila mchezo wowote. Baba ameenda zake akiwaambia watu njia nzima kwamba mchezo wenyewe ni rahisi, ila mwanawe hana akili. Malalamiko yote nimeyafuta. Nilitaka hata kuichana barua hii, lakini Lydiah alitaka uisome. Tuliamua kwa mkono.