Injini ya Mustang na Harusi ya Vaileth

Jumapili, 18 Mei

Kikao cha kamati ya harusi, sebuleni kwa Nickson, Thamesmead. Nimerudi nina hasira mpaka meno yanauma.

Nickson ndiye mwenyekiti. Kila kikao ni yeye. Anafanya kazi ofisini, ana suti, basi anaona Mungu amemkabidhi na harusi za watu. Leo katangaza kwamba Jumamosi Vaileth atapelekwa kanisani kwa gari jeupe la kukodi, na yeye Nickson ndiye atakayemshusha na kumfikisha mlangoni. Nikasimama. Nikasema Vaileth ni mtoto wa dada yangu wa tumbo moja. Mjomba wake hapa Uingereza ni mimi. Mlangoni namfikisha mimi. Tena kwa Mustang nyekundu ya mwaka sitini na tisa, silinda nane!

Kicheko. Nickson akauliza kama ni ile niliyotuma picha kwenye grupu, ambayo ukichungulia chini ya boneti unaona sakafu.

Kweli, injini iko nje. Iko kwenye kona ya gereji ya Mzee Gurdial, mwenye gari, kule Southall, imesukwa upya, imefunikwa nailoni. Lakini kwa nini aitazame picha ya mtu namna hiyo?

Kamati imeamua. Gari likiwaka kufikia Ijumaa, mjomba ni mimi. Lisipowaka, mjomba ni Nickson. Wakapiga makofi, wakala pilau niliyokuja nayo mimi.

Nimeshamwahidi dada kule Makambako kwamba ataniona kwenye simu nimemshika mwanawe mkono. Miaka yote hii nabeba jipsamu kwenye ngazi za watu, sijawahi kumpa dada kitu cha kutazama. Hiki atatazama.

Jumatatu, 19 Mei

Jipsamu, ngazi, jipsamu. Jioni treni mpaka Southall.

Mzee Gurdial ni Singasinga aliyezaliwa Kisumu. Alinipenda siku nilipokwenda kupiga plasta nyumbani kwake, kwa sababu ya Kiswahili. Anasema tangu ahamie hapa alikosa mtu wa kumgombeza vizuri. Nikamwomba turudishe injini wiki hii. Akakataa. Anangoja mwezi wa saba, jua likolee, magoti yapone.

Ikabidi nitumie akili. Nikamwambia kwamba Mwingereza wa gereji ya jirani anasema mzee mikono inamtetemeka, injini ile atazikwa nayo. Uongo mtupu. Mwingereza yule hata salamu hatujawahi kupeana.

Mzee akawa mwekundu kuliko gari. "Mimi? Mimi nilitoa injini ya lori ya miwa peke yangu, na mvua, na nyoka ndani ya boneti!" Akavaa ovaroli palepale. Akatoka nje akamkazia jirani jicho baya. Jirani akampungia mkono. Mzee akasema umeona, ananicheka.

Tunaanza kesho. Nickson atajuta.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwambia msimamizi wa saiti jino linaniuma. Kwa hasira ya Jumapili si uongo sana.

Tumeinyanyua injini kwa winchi. Mzee anaamuru, mimi nasukuma. Kushoto! Hapana hiyo kushoto, kushoto ingine! Ikashuka taratibu, ikakaa kwenye mauntini, vile vikalio vyake vya mpira, ikashikana na giaboksi. Tukakaza boliti mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Safi kabisa. Tukajipongeza kwa chai. Nikaenda kwenye benchi kuchukua chapati zangu.

Chini ya chapati: sahani ya klachi.

Sahani ya klachi inatakiwa iwe katikati ya injini na giaboksi. Haitakiwi iwe chini ya chapati.

Mzee akauliza ni mjinga gani aliweka chakula pale. Nikamwambia chapati zenyewe kapika mke wake, kwa hiyo jambo hili lina pande mbili. Akanitukana kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kijaluo, na Kipunjabi akakiweka akiba ya jioni. Injini nje tena. Mgongo wangu ulikuwa haujui kwamba kuna maumivu ya aina hii.

Jumatano, 21 Mei

Jino bado. Msimamizi ameuliza ni jino gani linalochukua siku mbili. Nikamwambia la nyuma.

Injini imeingia, na klachi ndani yake. Kidole changu nacho kiliingia kidogo. Mzee akasema kama kinasogea si kazi ya hospitali.

Halafu ikabaki boliti moja. Nene, nzuri, haina kwao. Tumeitafutia tundu mchana kutwa. Mimi nikashauri tuitupe, maana gari halijalalamika. Mzee akasema mtu ya Tanganyika ndiyo maana iko na reli na hapana treni. Nikamkumbusha kwamba Kisumu nao walingoja treni miaka. Mwishowe winchi ikainama yenyewe kama mlevi, ikakumbatia pipa la taka. Boliti ilikuwa yake.

Nickson ameandika kwenye grupu: Tuombee injini ya kaka Anselm. Watu wameweka mikono ya sala. Wanafiki!

Alhamisi, 22 Mei

IMEWAKA!

Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ikapiga chafya moto kwenye kabureta. Mara ya tatu ikanguruma mpaka vikombe vikatembea kwenye rafu. Mzee Gurdial akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nikageukia ukutani kumpa nafasi.

Halafu akanipa masharti. Injini mpya ni kama mtoto mchanga, inataka kupumua. Barabara wazi, mwendo wa kati. Hapana tambaa. Hapana simama na kunguruma. Hapana ziba pua. Nikasema ndiyo mzee, ndiyo mzee. Nilikuwa natafuta mahali pa kupiga picha ambapo Nickson ataona injini.

Vaileth akapita akitoka zamu, bado na sare za kutunzia wazee. Akalizunguka gari, akacheka, akasema ni zuri. Kisha akaniambia, "Mjomba, mimi hata kwa basi ningeenda. Wewe uwepo tu pale mlangoni. Nitaogopa." Nikamwambia asiongee habari za mabasi mbele ya gari kama hili.

Ijumaa, 23 Mei

Msimamizi anataka barua ya daktari wa meno. Nitalishughulikia baadaye.

Kamati imekuja kukagua. Mzee akaliwasha. Wote wakaruka. Nickson hakupata la kusema kuhusu injini, basi akasema kuhusu uso. Eti gari liko uchi. Eti linafanana na gari la mtu anayetoroka polisi. La kwake limefungwa maua kuanzia pua mpaka mkia. Tena litatangulia, kwa sababu ndilo litakalobeba mpiga picha kwenye buti.

Sikulala mchana. Nimekwenda sokoni nikarudi na satini nyeupe, ya kutosha kuvalisha kwaya. Mzee alipokwenda kufunga kilemba cha kesho, mimi nikafunga fundo la utepe mbele ya gari, kubwa kama sinia la harusi, na maua ya plastiki pande zote. Rejeta, ile inayopooza injini, haionekani tena. Uzuri mtupu.

Mzee aliporudi akauliza hewa itapita wapi. Nikamwambia hii ni neti, inapita. Akaigusa. Mikono iliyokomazwa na grisi miaka yote, haikusikia kitu.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika kwa hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Asubuhi ilikuwa yetu. Mzee kwenye usukani na kilemba cha waridi, mimi pembeni, Vaileth nyuma kama malaika. Mbele yetu Nickson, mpiga picha kaning'iniza miguu kwenye buti. Honi! Vigelegele! Tukatambaa kama harusi inavyotambaa. Mzee akanung'unika kuhusu mwendo. Nikamwambia harusi ikikimbia watu watadhani bibi harusi kaibiwa.

Tukafika kipilefti. Nyumbani kila mtu anajua: msafara wa harusi ukifika kipilefti unazunguka, unapiga honi, ndipo unatoka. Nickson akazunguka. Tukazunguka. Akawasha taa ya kutoka. Nikamwambia mzee tusitoke, tuongeze. Nickson akatuona bado tumo, akazima taa, akaongeza. Nani atoke kwanza? Siwezi kutoka kabla ya mtu yule! Nyuma yetu basi, nyuma ya basi dunia nzima.

Mzee akasema, "Anselm, mshale ya joto inapanda." Nikasema mshale wa zamani huo, unadanganya. Akasema mshale mpya, amefunga mwenyewe juzi. Nikamwomba mzunguko mmoja wa mwisho.

Ukawa wa mwisho kweli. Mvuke kama sufuria ya makande. Utepe ukavutwa na feni, ukachapa boneti kwa ndani, pa! pa! pa!, maua ya plastiki yakaruka mpaka kwenye kioo cha basi. Kisha kimya.

Nickson akashuka na suti yake, akasema mbele za watu kwamba alijua. Hapo ndipo damu ilipochemka kuliko rejeta. Nikamwambia angetoka mapema haya yasingetokea. Akasema mimi ndiye niliyekuwa nyuma. Tukasogeleana pua kwa pua. Vaileth akashuka, gauni kalikunja mkononi. "Mjomba, mwache. Basi hili linapita kanisani. Panda twende." Nikamwambia atangulie, namaliza na huyu, dakika moja tu.

Mzee Gurdial alitazama satini iliyotoka kwenye feni. Hakutukana lugha yoyote. Alizima swichi, akampa Vaileth mkono, wakapanda. Abiria wakapiga makofi. Mlango ukafungwa. Mimi na Nickson tulikuwa bado tunabishana nani yuko mbele.

Nilikimbia. Nimefika wanaimba. Watu wote wanasema alipendeza sana, alivyoingia na yule mzee wa kilemba cha waridi, mkono una oili, kamshika kama mboni ya jicho. Dada ameona yote kwenye simu.

Jumapili, 25 Mei

Mzee hapokei simu. Ameniletea neno kupitia kwa Vaileth: gasketi imekufa, nije na ovaroli, aliyefunga ndiye atakayefungua. Vaileth sauti yake ilikuwa ya kawaida. Akasema tu, "Nilikungoja kidogo pale mlangoni, mjomba."

Kisha nikaligundua kosa. Kosa ni basi! Lisingekuwa nyuma yetu, Vaileth angenisubiri.

Lakini bado linarekebishika. Nimemwuliza mchungaji kama kanisa liko wazi Jumamosi ijayo. Liko. Vaileth atavaa gauni tena, mara moja tu. Gari halina haja ya injini, watu wanne watalisukuma kutoka kona, kwenye simu haionekani. Mimi nashuka, namshika mkono, tunaingia. Mpiga picha kakubali. Bado sijamwambia Vaileth wala mumewe.

Dada akapiga akiuliza yule mzee wa kilemba ni wa ukoo gani, ampelekee shukrani. Nikamwambia asihangaike, jana yalikuwa mazoezi tu. Harusi yenyewe ni Jumamosi.

Halafu akauliza: kama jana yalikuwa mazoezi, Vaileth usiku amelala wapi?

Nimekata simu. Nitasema ni mtandao.