Hotuba ya Kuzindua Tasnifu ya Shujaa, Zimwi na Mama Anayengoja

(Ilitolewa na Mulei Nzuki, mwanafunzi wa fasihi wa mwaka wa nne, katika chumba cha mama yake, Laini Saba, Kibera, siku ambayo akina mama wa chama walikutana kupimwa sare ya kitenge watakayovaa kwenye mahafali yake. Mama yake alimwomba aseme maneno mawili tu kuhusu anachosomea, kabla fundi hajaanza kukata kitambaa.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Akina Mama wa Laini Saba na Viunga Vyake, Bi. Kasyoka, ambaye pia ni mlezi wa msemaji, mfadhili wa msemaji, mama mzazi wa msemaji, na mwenye kile kiti ambacho msemaji hakupewa. Mheshimiwa Bi. Wamuyu, uliyetoka mbali huko Kawangware kuja kupimwa kiuno, mwenye ploti, mwenye geti na mwenye mbwa. Mheshimiwa Fundi Nafuna, Waziri wa Uzi, Sindano na Masuala Mtambuka ya Mabega. Waheshimiwa wanachama mlioketi kitandani, mlioketi juu ya mitungi ya maji, na mliosimama mlangoni kwa sababu ya changamoto za miundombinu. Viongozi wa dini, ambao hamkualikwa lakini tunatambua kutokuwapo kwenu. Majirani wapendwa mnaotusikiliza kupitia mabati. Mabibi na mabwana, bwana nikiwa mimi peke yangu: itifaki yote imezingatiwa, na ile ambayo haikuzingatiwa iunde kamati. Hamjamboni?

("Hatujambo!" Sauti kutoka kitandani: "Fupisha, tuko na kazi!")

Nitafupisha kwa kirefu. Lakini kabla sijaingia katika kiini cha mada, na hata kabla sijaingia katika utangulizi wa kiini hicho, natoa agizo la kiutawala kwamba Fundi Nafuna aweke makasi chini hadi nitakapomaliza, kwa kuwa mwishoni mwa hotuba hii nina tangazo, na tangazo hilo linakihusu hicho kitambaa moja kwa moja, na kitambaa kikishakatwa hakuna wizara wala tume itakayokiunganisha.

(Nafuna: "Nimeshika tu. Si kukata." Kicheko.)

Kushika ni awamu ya kwanza ya utekelezaji, Mheshimiwa. Weka chini. Asante.

Sasa basi. Mmeuliza mara nyingi, kwenye foleni ya maji na hata kanisani, huyu kijana wa Kasyoka anasomea nini hasa, na jibu rasmi ni kwamba ninasomea vikale na jazanda katika fasihi na ushairi, yaani, kwa lugha nyepesi isiyotumika katika ofisi yangu, ninachunguza wale watu wanaorudi katika kila hadithi duniani wakiwa wamebadilisha nguo tu: shujaa anayetoka nyumbani, zimwi linalomzuia njiani, mlinzi anayekaa mlangoni, na mama anayengoja, pamoja na vile vitu ambavyo mshairi akivitaja huwa anamaanisha jambo lingine kabisa, kama moshi, daraja, au reli, na ndiyo maana serikali, kwa busara zake, ilinipa nafasi ya chuo kikuu, ili taifa lisije siku moja likakosa mtu wa kulieleza moshi ni nini.

("Moshi ni moshi!")

Hilo ndilo pengo la uelewa ambalo mradi wangu unalenga kuliziba! Waheshimiwa, kwa mujibu wa utafiti nilioufanya nikiwa nimelala chali, asilimia tisini na sita ya wakazi wa eneo hili huishi katikati ya jazanda bila kujua, na asilimia nne iliyobaki ni mimi. Chukueni mfano wa kitaifa. Mwezi uliopita Mheshimiwa Mwenyekiti aliniachia sufuria ya maharagwe kwenye jiko, akanipa maelekezo ya wazi kabisa, akatoka. Maharagwe yalipoanza kutoa moshi, mwananchi wa kawaida angekimbia kuyaepua. Lakini mimi, kama mtaalamu, nilitulia, nikautazama moshi ule ukipanda na kugonga mabati na kukosa pa kwenda, nikauona kuwa ni roho ya mlalahoi inayotafuta njia, nikatunga beti nne papo hapo, na nilipotafuta kina cha ubeti wa tano, sufuria ilikuwa imeshageuka mkaa.

(Kasyoka: "Maharagwe yangu! Na hiyo sufuria ni ya Nafuna!" Vurugu kidogo. Nafuna: "Kumbe ndiyo maana hairudi?")

Suala la sufuria liko mbele ya kamati, na singependa kuingilia uhuru wa kamati.

Katika robo ya pili ya mwaka, ofisi yangu ilifanya ziara ya benchmarking, yaani ya kujifunza kwa wenzetu, huko Kawangware, kupitia Riruta Satellite, ambapo ujumbe wa ngazi ya juu, ulioongozwa nami na kujumuisha mimi, ulipokewa kwa heshima zote na muuza mahindi ya kuchoma. Madhumuni ya ziara yalikuwa kumhoji Bi. Wamuyu kuhusu hadithi alizosimuliwa na nyanya yake, kwa kuwa jamaa zake wameishi pale tangu zamani na hadithi zao hazijahamahama kama zetu sisi watu wa Kitui tuliokuja na begi moja. Nilipofika getini nikamkuta yule mbwa. Sasa, waheshimiwa, sote tunajua, au mngejua kama mngesoma, kwamba shujaa akifika kizingitini hukutana na mlinzi, na mlinzi huyo hapigwi wala hakimbiwi, bali hukabiliwa kwa utulivu na kujibiwa swali lake, ndipo ampishe. Kwa hiyo nilisimama wima, nikamtazama machoni, nikangoja swali.

(Wamuyu: "Si nilikwambia kwa simu upitie kwa geti ya nyuma!" Kicheko kikubwa. Mwanachama mmoja anaanguka kutoka kwenye mtungi.)

Mbwa hakuwa na swali. Huo ni upungufu katika framework, yaani nadharia, iliyopo, na nitauandikia sura yake. Hadithi za nyanya sikuzipata, maana muda wote nilikuwa nimeketi kwenye benchi ya kliniki, nimeketi upande mmoja.

Lakini napenda kuwahakikishia, kwa niaba ya ofisi yangu, yangu binafsi na ya suruali iliyoathirika, kwamba mradi uko imara. Muundo wake ni huu: shujaa anaondoka nyumbani, anavuka mto, anapambana na zimwi, anarudi na zawadi. Na ni nani shujaa huyo, kama si mtoto aliyeondoka Laini Saba, akavuka mto pale Kambi Muru kwa daraja la mbao ambalo ubao wake wa kati huwa haupo, akafika chuoni, akakutana na zimwi, yaani msimamizi wangu, Daktari Kimotho, ambaye hana pembe wala jicho la tatu, ana miwani tu na sauti ya upole, lakini kila nikimpelekea wazo hunirudishia swali?

("Alikuuliza nini?")

Asante kwa swali hilo. Hiyo ndiyo tunaita public participation, ushirikishwaji wa umma. Nilimpelekea wazo la mama anayengoja. Nilimwambia, Daktari, yuko katika kila shairi, amekaa mlangoni, anatazama njia, ni ishara ya subira, ni ishara ya ardhi, ni ishara ya taifa lenyewe. Nilisema vizuri sana. Nilitumia mikono. Yule mtu akavua miwani, akaniuliza, "Mulei, anangoja nini?" Basi. Hivyo tu. Nami, waheshimiwa, ambaye nilishindwa kunyamaza mbele ya moshi, nikakusanya karatasi zangu, nikaaga. Kwa sababu nilijua. Namjua mmoja. Husugua sakafu za watu kule Kilimani, akirudi huvua viatu na kuvipanga kwanza kabla hajakaa, husinzia na redio masikioni na ukiizima anaamka kugombana, na anachongoja ni mimi. Tangu siku hiyo nikikaa kuandika huishia kufunga daftari. Naona haya kumfanya huyo mtu kuwa ishara ya taifa. Taifa halijawahi hata kumsalimia.

(Kasyoka anarekebisha leso yake. "Endelea, kijana yangu.")

Naendelea, Mheshimiwa, ingawa ingefaa uniambie nikae. Katika awamu ijayo, ofisi yangu itajenga kituo cha vikale cha ghorofa saba pale kando ya reli, chenye maktaba, ukumbi wa mashairi na idara ya mbwa. Tutatoa mafunzo kwa vijana elfu ishirini juu ya namna ya kutazama moshi kwa usalama. Na deliverables zote, yaani kazi zilizoahidiwa, zitawasilishwa kwa wakati, wakati huo ukiwa haujapangwa. Semeni pamoja nami. Vikale juu!

("Juu!")

Jazanda juu zaidi!

("Juu!")

Mulei chini!

("Chini!" Jibu linatoka haraka kuliko ilivyotarajiwa.)

Asanteni. Sasa zimebaki shukrani, na shukrani ndizo tangazo lenyewe. Namshukuru Bi. Wamuyu, aliyenipeleka kliniki kwa nguo za nyumbani. Namshukuru Fundi Nafuna, aliyekubali kuacha cherehani ya wateja wake aje apime viuno vyote hivi bure. Namshukuru mjomba wangu kule Kitui, ambaye ameshawaalika jamaa na kuchagua mbuzi, na ambaye nitampigia simu leo hii, Mungu anisaidie. Na namshukuru Mwenyekiti, mama yangu, aliyetangaza mahafali yangu kanisani mara mbili, kwa kunipa nafasi ya kuzindua tasnifu hii, tasnifu ambayo ilipaswa kuwasilishwa mwezi jana, ambayo mtu asipoiwasilisha jina lake haliingii kwenye mahafali ya mwaka huu, na ambayo, kwa masikitiko makubwa na baada ya mashauriano ya kina na mimi mwenyewe, haipo. Haina sura wala utangulizi. Ina kichwa tu, na hicho kichwa nimekitunga leo nikiwa nasimama kuzungumza nanyi.

(Jirani wa upande wa pili wa mabati anazima redio.)

(Kasyoka: "Ngoja. Umeongea hiyo maneno yote, ndio useme hauna?")

Sina, mama. Nilikuwa nashindwa kusema. Nilifikiri nikiendelea kuongea, hamtakata kitambaa.

(Wamuyu: "Woi." Nafuna anasukuma makasi kwa mguu hadi chini ya kitanda. Kasyoka anakaa, anamgeukia mwanawe.)

(Kasyoka: "Na huyo mama wa mashairi. Yule wa kukaa mlango. Mwisho anapataga chenye anangoja?")

Mara nyingi hapati, mama. Mara nyingi hufa shairi likiwa bado halijaisha.

(Kasyoka: "Basi huyo si mimi. Nafuna, kunja kitenge, tutakata mwaka ujao. Na wewe toka hapo katikati, umekanyaga tepu ya watu.")