Mtaalamu wa Kutoa Sumu Miguuni

Bwana mmoja alikuwa amelaza kichwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limemjaa mashavuni, aliposikia redioni habari zitakazomlisha kwa muda mrefu. Kulikuwa na mjadala. Daktari mmoja, mwanamke mwenye sauti iliyochoka, alikuwa akieleza kwamba kemikali zimeingia kila mahali: kwenye maji, kwenye mboga zilizopuliziwa dawa, kwenye vyombo vya plastiki, kwenye dawa za kunyoosha nywele, hata kwenye vumbi la sakafuni. Msemaji wa wenye viwanda akamjibu kwa upole kwamba utafiti bado unaendelea na wananchi wasitiwe hofu. Daktari akauliza utaendelea mpaka lini. Msemaji akasema hilo ni swali zuri.

Pale kinyozini mazungumzo yalikatika. Kinyozi alisimama, wembe ukiwa hewani, akiisoma kwa mara ya kwanza chupa ya mafuta ya nywele aliyoitumia miaka yote. Mteja aliyekuwa akingoja zamu yake aliitua chini chupa yake ya maji, akaisogeza mbali kwa ncha ya kiatu. Daktari alikuwa bado anaendelea: fungueni madirisha, osheni mboga vizuri, mwenye kifua kibaya akapimwe mapema, na tuwabane wenye viwanda waache kumwaga taka mtoni. Ushauri huo ulikuwa wa bure, nao ulipokelewa kama vitu vya bure vinavyopokelewa. Wembe uliporudi shavuni hakuna aliyeukumbuka tena ushauri.

"Sasa sumu ikishaingia mwilini, inatokaje?" yule mteja aliuliza.

Bwana aliyekuwa chini ya povu alifumbua jicho moja. Katika maisha yake alikuwa ameuza viwanja vya watu wengine, na jenereta zisizo na kitu ndani, lakini hajawahi kuletewa swali tamu namna ile, tena na mtu aliyevaa saa ya bei.

"Inatokea miguuni," akasema.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Mtaalamu. Mtaalamu wa nini, hakuna aliyewahi kuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kuwasumbua watu kwa maelezo.

Ujanani aliwahi kuwa kibarua wa fundi wa kuchaji betri za magari, akafukuzwa kwa sababu ambazo tutamsitiria. Huko alijifunza jambo moja: ukitumbukiza vyuma viwili kwenye maji ya chumvi, ukapitisha umeme mdogo wa chaja, chuma kinatoa kutu na maji yanageuka rangi ya chai, halafu ya kahawa, halafu ya vitu ambavyo watu wazima hawavitaji mezani. Miguu iwemo, isiwemo, kutu haijali. Ila ikiwemo, mwenye miguu anajali sana.

Basi akanunua beseni la plastiki, na hakuna mteja hata mmoja aliyeona kasoro hapo. Chaja kuukuu akaifungia ndani ya boksi jeupe, juu yake akachomeka taa ya bluu iliyotoka kwenye pikipiki. Chumvi akaitia kwenye mtungi wa kioo, akaiita madini. Kilichobaki kilikuwa chumba, nacho akakipata nyuma ya saluni moja ya nywele.

Mwenye saluni alikuwa dada mwembamba, mpole, mwenye vidole vyepesi na kifua kinachopiga filimbi. Kwa miaka mingi alikuwa akinyoosha nywele kwa dawa ile inayofuka moshi pasi ikipita, katika vyumba viwili visivyo na dirisha hata moja. Hospitali walikwisha kumwambia: apate hewa, avae barakoa, na aende kliniki ya kifua akaanzishiwe dawa ya kuvuta. Dirisha alimwomba mwenye jengo, na mwenye jengo akasema ukuta wake hautobolewi na mtu. Pesa za kliniki alikuwa akiziweka kidogo kidogo. Mtaalamu alipomweleza habari za mtambo, msusi alimpa chumba cha nyuma bila kodi, na zile pesa za kliniki akamkabidhi zote, kwa ajili ya dozi kamili.

"Kaka, kweli nitapona?" aliuliza, miguu ikiwa ndani ya beseni.

"Dada yangu, sumu yako ni ya juujuu. Hii inatoka yenyewe, mimi naisindikiza tu."

Maji yakageuka kahawia. Msusi akayatazama, akatabasamu kwa matumaini mpaka Mtaalamu akasikia kitu kinamchoma kidogo moyoni. Akakipuuza. Alikuwa na uzoefu mkubwa wa kupuuza.

Biashara ikawaka. Watu walikuja kutoa sumu na kubishana, na ilikuwa vigumu kujua wanalipia lipi.

"Babu zetu walikunywa maji ya mto wakaishi mpaka wakasahau umri wao," alisema dereva teksi.

"Mto upi?" mwalimu akamkatiza. "Huu unaotoa povu hata asipofua mtu? Babu yako angekunywa huu angezikwa kijana."

"Utafiti bado unaendelea," alisema fundi cherehani, ambaye naye alisikiliza redio.

Mtaalamu alikubaliana nao wote watatu. Kwa mwenye hofu alisema ana haki ya kuogopa, kwa mwenye shaka akasema atie miguu aone mwenyewe. Wote waliona.

Mambo yakawa hivyo mpaka alipokuja Shangazi. Huyu alikuwa shangazi yake msusi hasa, dada wa baba, aliyekuja kumwangalia mtoto wa kaka yake baada ya kusikia kikohozi chake kwenye simu. Alikuwa mama mnene, mtaratibu, aliyeuza nguo kuukuu sokoni mpaka magoti yalipomgomea. Mtu aliyeuza nguo kuukuu amesikia uongo wote unaoweza kusemwa juu ya kitambaa. Alijichagulia kona katika chumba cha nyuma, akakaa na birika lake la chai.

"Mwanangu, hayo madini yanatoka wapi?"

"Milimani, Shangazi. Mbali sana."

"Na miguu yangu ikiingia humo, itatoa nini?"

"Sumu ya umri wako wote."

"Basi iache ikae. Tumeshazoeana."

Siku moja mtungi ulikauka wakati foleni imefika mlangoni. Mtaalamu aliomba radhi, akachomoka mbio na mtungi kwapani, akarudi anahema, umejaa pomoni. Shangazi alikuwa bado akiipuliza chai yake. Usiku ule kifua cha msusi kilipiga filimbi mpaka asubuhi, naye Shangazi akakaa kitandani akimsugua mgongo. Alikuwa na hasira iliyomzidi, lakini ya mtu wa sokoni, isiyoanza kwa kelele.

Wakati huo Mtaalamu alikuwa amenasa samaki mkubwa. Mwenye jengo, yule yule wa ukuta usiotobolewa, alikuwa na nyumba za wageni kadhaa, na alikuwa amehesabu foleni ya chumba cha nyuma kwa macho yake. Alitaka uwakala wa mji mzima, mtambo uwe wake peke yake.

"Wapo wengine wanaoutaka," Mtaalamu alisema kwa huzuni. "Lakini wewe nimekupenda."

Wakaagana siku. Mpango wa Mtaalamu ulikuwa mwepesi: apokee bahasha, aonyeshe mtambo mbele ya wateja, kisha aondoke na basi la jioni pamoja na mkoba wake wa ngozi, ambamo tayari zililala pesa za mtaa mzima, za msusi zikiwa chini kabisa.

Siku ikafika. Chumba kilijaa. Shangazi aliwakirimu wageni, akamletea mwenye jengo chai kwa mikono miwili. Mwenye jengo alipiga funda, akakunja uso, akakumbuka heshima yake, akameza.

"Chai yenu ina nguvu," akasema, akaiweka mbali.

Bahasha ilitangulia. Mtaalamu alieleza kwamba mtambo haupendi kuwashwa wakati kuna jambo halijakwisha baina ya watu. Alilamba kidole, akapekua noti, akalamba tena, akapekua, akatia mkobani. Kisha akamvua mwenye jengo soksi kwa unyenyekevu, akatia madini, akawasha. Taa ya bluu ikawaka. Watu wakainama.

Maji yalibaki meupe.

Mtaalamu akazungumza kidogo juu ya subira. Akaongeza madini. Akaongeza tena. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba kucha za mwenye jengo zilionekana zote, na hazikuwa za kuonekana. Mtaalamu alichovya kidole kama anayepima joto, akakipitisha mdomoni kwa siri. Kilikuwa kitamu, cha sukari. Akageuza macho taratibu kwenye mtungi wa kioo, kisha kwenye chai iliyoachwa na mwenye jengo, kisha kwa Shangazi, aliyekuwa akikoroga kikombe chake bila haraka.

"Mheshimiwa," Mtaalamu akasema, jasho likimtiririka, "huna sumu."

"Nilijua," alisema mwenye jengo. "Mimi ni mtu wa kula vizuri."

"Huyu?" mwalimu akauliza. "Mwenye ghala la rangi chini ya chumba cha kulala? Kama yeye hana sumu, mimi ni malaika."

"Labda mtambo umekufa," alisema dereva teksi.

Mwenye jengo aliinua uso. "Umekufaje? Nimeshaulipia."

Shangazi akasimama, akajishika magoti. "Jamani, tusigombane. Mtambo si ujaribiwe? Mtaalamu mwenyewe atie miguu. Maji yakibaki meupe, mtambo ni mbovu, bwana mkubwa arudishiwe chake. Yakichafuka, mtambo ni mzima, na pesa imeliwa kihalali." Akachukua kopo la sukari lililokuwa karibu na birika. "Tena hayo madini yamelala. Nina haya mapya, uliniachia mwenyewe nikuwekee, umesahau?"

Mtaalamu alichovya kidole kwenye kopo. Chumvi. Alikaribia kumkumbatia yule mama. Kumbe alikosea tu kopo, akajiambia, na sasa amenirudishia roho yangu. Akavua viatu haraka, akabadilisha maji, akatia miguu, na ili pasiwe na ubishi tena akamimina chumvi kwa konzi, konzi juu ya konzi, akawasha.

Maji yakageuka chai. Yakapita kahawa bila kusimama. Yakawa meusi tititi, povu la rangi ya kutu likaelea juu, likatoa na harufu. Hajawahi kutoa kazi nzuri kama ile.

"Mnaona?" alisema, mikono ameinyanyua juu. "Mtambo mzima!"

Ilimchukua muda kidogo kutambua kwamba hakuna aliyekuwa akiutazama mtambo. Walikuwa wakimtazama yeye.

"Sote tulitoa kahawia," mwalimu alisema polepole. "Huyu ametoa lami."

Fundi cherehani aliuangalia mkono wake wa kulia. "Nimemwamkia asubuhi. Kwa mkono."

Watu wakarudi nyuma hatua moja, kisha wakaonelea moja haitoshi. Mwenye jengo alikuwa amechomoa miguu yake zamani na anazitafuta soksi, huku akikumbuka kwamba chumba hiki kiko ndani ya jengo lake na wapangaji wana midomo.

"Hapa pamekaa sumu," alibweka. "Nimwite fundi sasa hivi abomoe huu ukuta, hewa ipite. Madirisha mawili. Matatu. Huku na huko saluni."

"Na bahasha yako, bwana mkubwa?" Shangazi aliuliza kwa upole. "Mtambo ni mzima, lakini kwa uchungu wako nadhani atakurudishia."

Mwenye jengo aliutazama mkoba wa ngozi. "Alilamba kidole," akasema kwa sauti ndogo. "Kila noti." Akageuka, akatoka na soksi moja mkononi. Wengine nao, walipokumbushwa kwamba wana haki zao mle mkobani, waligundua kila mmoja kwamba ana shughuli mahali.

Shangazi alivaa glavu za msusi, zile za kupakia dawa. Akaunyanyua mkoba, akauweka begani. "Mgonjwa lazima apelekwe hospitali," akatangaza. "Na mtoto wangu ataenda naye, amekaa naye chumba kimoja muda mrefu. Gharama zitatoka humu humu. Dereva, lete gari."

Mtaalamu alimkamata upindo wa nguo. "Shangazi," akanong'ona, "wewe unajua ile ni kutu."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Siku madini yalipokwisha ulikimbia, mwanangu, ukarudi chai yangu haijapoa. Hakuna mlima ulio karibu hivyo. Nikaonja mtungi."

"Pesa zile ni zangu."

"Waambie basi." Akasogea pembeni kumpisha, ili awaone vizuri watu waliosongamana mlangoni wakigombania kutoka, mbele yao fundi cherehani, ambaye alitoka kazini na mkasi wake mkubwa. "Waambie ni kutu. Si wanakuamini?"

Mtaalamu alifungua mdomo. Huo ulikuwa mdomo uliowahi kumtoa kituo cha polisi akisindikizwa na askari hadi kwenye basi. Aliutazama mkasi, akafunga mdomo.

Dereva teksi alimpakia kiti cha nyuma, vioo vyote chini. Hospitali, Shangazi alisimama kwenye dirisha la malipo na glavu zake, akalipa kumwona daktari wa kifua, akalipa vipimo, akalipa dawa. Hakurudisha kwa mteja hata senti, na hatutasema alifanya vyema. Tutasema tu kwamba msusi alifundishwa kuvuta ile dawa pale pale, akavuta mara ya kwanza, mara ya pili, na filimbi ya kifuani ikapungua mpaka ikanyamaza. Shangazi akavua glavu, akalia hadharani bila kujificha.

Msusi alirudi kwenye benchi. Wagonjwa wengine walikuwa wamesikia habari na kumwachia Mtaalamu benchi zima. Yeye akakaa karibu naye kabisa, bega kwa bega.

"Usiogope, kaka," alimwambia. "Ulinihangaikia sana. Sitaondoka mpaka wakupime."

Hapo ndipo aibu ilipomshika Mtaalamu, aibu ya kweli, na hakujua pa kuiweka kwa sababu hajawahi kuwa nayo. Muuguzi akatokea mlangoni na kuuliza nani anayefuata, na anaumwa nini.

Msusi akasimama, akamjibia Mtaalamu, sauti yake ikitoka safi bila kukwaruza.

"Huyu, dada. Ana sumu, tena nyingi sana. Tafadhali msaidieni."

Mtaalamu akainuka, viatu mkononi, akamfuata muuguzi.