Oili ya Giaboksi kwa Dakika Ishirini: Malalamiko kutoka Kibuli

Kibuli, Kampala
Jumatatu asubuhi

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa "Jifanyie Mwenyewe",

Nakujulia hali kwanza, wewe na wote mnaoshinda hapo ofisini mkiwafundisha watu kazi za mikono. Mimi ni Khaemba, mzaliwa wa Bungoma, mtunza stoo katika duka moja la rangi huko Ntinda, na msomaji wako wa miaka minne. Sijawahi kukuandikia kwa sababu sikuwa nimedhurika.

Wiki iliyopita ulichapisha makala yenye kichwa "Badilisha Oili ya Giaboksi ya Skuta Yako Nyumbani kwa Dakika Ishirini". Kwa heshima zote, naomba makala hayo yafutwe, na kila aliyeyahifadhi ayarudishe. Sababu zangu nazipanga kwa namba ili baadaye msiseme hamkuelewa.

1. Dakika ishirini. Skuta yangu ilikuwa inalia upande wa nyuma, mlio mwembamba kama wa mbuzi aliyefungwa mbali na mama yake. Jumamosi iliyopita, saa tisa mchana, nilikuwa na ugeni mkubwa. Mzee Tarcisio Ongom, sajini mstaafu wa polisi, baba yake Aber, msichana ninayetaka kumuoa, alikuwa anakuja kuona mahali binti yake atakapoishi. Akisharidhika ndipo angesema kama nipeleke wazee wangu kwake au niwaache walale. Nikapiga hesabu. Nikianza saa tatu asubuhi, saa tatu na dakika ishirini nimemaliza, saa nne nimeoga, saa tisa nimeketi kwenye kiti kama mtu mwenye akili zake. Hesabu hiyo ni yako, Ndugu Mhariri. Mimi niliiazima tu.

2. Chombo. Makala yanasema, "weka chombo chini ya bolti." Hayasemi chombo gani. Kwangu kulikuwa na chombo kimoja tu kipana na kifupi cha kuingia chini ya skuta, nacho kilikuwa sufuria mpya ambayo Aber aliinunua ili ampikie baba yake. Mngeandika "chombo kisicho na mwenyewe" mngeokoa mengi.

3. Bolti, na hapa ndipo penye kidonda. Mliandika, "fungua bolti iliyo chini." Nilipiga magoti, nikainama, nikaona bolti, na ilikuwa chini. Nikaifungua. Mlisema oili itakayotoka ni kama kikombe kidogo cha chai. Yangu ilitoka, ikaendelea kutoka, nami nikaitazama kwa fahari, nikijiambia kwamba giaboksi yangu imeshiba kuliko za wenzangu. Leo najua kwamba huko chini bolti ni mbili: moja ya giaboksi, karibu na gurudumu la nyuma, na moja ya injini, katikati. Mimi nilikuwa nimeimwaga oili yote ya injini ndani ya sufuria ya mkwe.

4. Saa za wageni. Hamkuonya popote kwamba kazi hii huwaleta wageni mapema. Saa tatu na nusu nilikuwa nimelala chali kando ya gurudumu nilipoona viatu viwili vyeusi, vimepigwa rangi mpaka nikauona uso wangu ndani yake, na uso wenyewe ulikuwa na oili. Nyuma ya viatu hivyo alisimama Aber akinifanyia ishara za mikono ambazo hata sasa sijazielewa. Nikauliza, nikiwa bado pale chini, kama labda nimekosea saa.

"Saa hujakosea," Mzee Ongom akasema. "Mimi nimekuwa polisi miaka thelathini na moja. Ukiambia mtu unakuja saa tisa, unakuja saa tatu. Hapo utamkuta vile iko."

Kwa kweli alinikuta vile niko.

5. Picha. Mtu wenu pichani amevaa shati jeupe na anacheka. Sina la kuongeza.

6. Kusimama wima. Makala yanasema skuta isimame wima wakati wa kujaza oili mpya. Stendi yangu ya kati ilivunjika tangu mwezi wa pili, kwa hiyo alihitajika mtu wa kuishika. Nikamwambia Mzee aketi, mimi nitafute mtu.

"Mimi si mtu?" akauliza.

Basi akashika usukani, ndani ya suti yake ya kijivu, akasimama kama analinda benki. Jirani yangu Nelima, ambaye ni nesi, alikuwa amenipa bomba la sindano lisilotumika. Nikavuta oili mpya ya gia, nikaisukuma kwenye tundu la giaboksi. Giaboksi, ambayo haikuwa imemwagwa hata tone, ilikuwa bado imejaa. Ikanirudishia. Sehemu ikanipata sikioni, sehemu ikaenda moja kwa moja kwenye kiatu cha kulia cha afande.

Hakusogeza mguu. Alitazama kiatu, akatazama sufuria, kisha akatazama ile chupa yangu ndogo ya oili. Nikaona sura ya kazi inamrudia polepole.

"Kijana," akasema, "hii mafuta kwa sufuria iko mingi, karibu lita moja. Ya chupa iko kidogo. Hii yote imetoka wapi?"

Nikasema imetoka kwenye giaboksi.

"Giaboksi inatapika. Mtu mwenye njaa hatapiki. Sasa wewe ulifungua nyumba ya nani?"

Ndugu Mhariri, dakika hiyo haimo katika zile ishirini zako. Aber aliutazama ukuta. Nelima, aliyekuwa akitutazama kutoka mlangoni kwake, aligundua kwamba ana nguo za kuanua. Niliwaza kusema kwamba skuta niliinunua ikiwa mbovu, na niliwaza kukutaja wewe kwa jina la ukurasa wako. Mwisho nikasema, "Nimefungua injini, Mzee. Nimekosea."

Mzee akavua koti, akampa Aber, akanituma dukani kwa miguu nikalete oili ya injini na washa mpya, zile pete za kuzuia oili isivuje, za bolti zote mbili. Nilipotoka alikuwa anaikunja mikono ya shati.

7. Kupoteza mamlaka nyumbani kwangu. Niliporudi nilimkuta mkwe wangu mtarajiwa amelala chini, mahali pangu, juu ya gunia langu, akiomba spana kwa namba. Sufuria ilipigwa marufuku kuguswa kwa sababu, alisema, ni kielelezo. Kuku akapikwa kwa sufuria ya Nelima. Tulitoa oili ya giaboksi, safari hii kwa bolti yake. Ilikuwa nyeusi kama masizi, na ni kweli ilikuwa kikombe kidogo cha chai, jambo lililoniumiza zaidi kwa kuwa linaonyesha mlijua. Tukajaza giaboksi, tukajaza injini. Tulipoiwasha skuta ilinguruma kwa adabu, bila mbuzi. Mzee akacheka mpaka akashika mgongo. Ilikuwa saa kumi jioni. Tulikula tukiwa weusi hadi kwenye viwiko, na Aber akatupiga picha ambayo amekataa kuifuta.

8. Madhara kwa jamii. Jana, baada ya ibada, Mzee alirudi kwangu na wastaafu wenzake wawili kuwaonyesha bolti zote mbili. Majirani sasa wananiita Sufuria. Jumamosi ijayo tumeamriwa kufungua breki. Angalia tunakokwenda. Wakwe wote wa Kampala wakisikia habari hii wataanza kuwapima wachumba kwa spana. Asiye na skuta hataoa. Mwenye skuta ataoa akiwa amechelewa kwa sababu bado anafungua bolti. Vijana watazeeka wakiwa na giaboksi safi na nyumba zisizo na watoto, shule zitakosa wanafunzi, walimu watarudi mashambani, na hatimaye hata wewe utakosa wa kusoma ukurasa wako. Yote haya kwa kikombe kimoja cha oili.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Makala yafutwe. Mlipe jina la "dakika ishirini" heshima yake kwa kuliita muda wa saa saba. Na yule bwana wa shati jeupe aletwe hapa Kibuli, aifanye kazi hiyo mbele ya sajini mstaafu, tuone kama atacheka.

Wasalimie wapiga chapa, mlinzi wa lango lenu, yule dada anayepokea simu na kusema upo mkutanoni, na watoto wako kama unao. Aber anakusalimu. Nelima pia, ingawa bado anasubiri sufuria yake.

Nabaki msomaji wako mwaminifu na mwenye mafuta sikioni,

Khaemba

Nyongeza: Nikiwa nalamba bahasha niifunge, Aber amepiga simu. Jana usiku baba yake aliketi na mkewe, Mama Filda, akamwambia hivi: "Nimekamata watu maisha yangu yote. Ukiuliza mmoja, anataja shetani. Ukiuliza mwingine, anataja rafiki yake. Huyu aliniambia nimekosea, na hakuna mtu alimpiga. Aje na wazee wake." Kwa sababu hiyo naomba usiyafute makala. Naomba uyachapishe tena, ukurasa wa mbele kama nafasi ipo, kwani nina kaka wawili ambao hawajaoa. Na pale mlipoandika "bolti iliyo chini", tafadhali msisahihishe kitu.